Mafunzo ya Demokrasia Kutoka Nje: Taratibu, na Mahali Yanapokwama

Maswali kuhusu semina za vyama vya siasa zinazofadhiliwa kutoka nje yamezidi. Wapo wanaoona kila mfadhili ana njama, na wapo wanaodhani ukumbi ukishalipiwa kazi imekwisha. Wote wasome kifungu cha 5A cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania, kilichoingizwa na marekebisho ya 2019.

Mtu au taasisi, ya ndani au ya nje, inayotaka kutoa elimu ya uraia au kukijengea chama uwezo humwarifu Msajili wa Vyama vya Siasa kwa maandishi siku 30 kabla. Taarifa itaje lengo, aina ya mafunzo, wakufunzi, walengwa, vifaa vya kufundishia na matokeo yanayotarajiwa. Kwenye vifaa, kuandika "makabrasha mbalimbali" hakutoshi. Msajili anaweza kukataa, akitoa sababu. Taasisi ikikiuka, faini inaweza kufika shilingi milioni 30. Mtu binafsi hukabiliwa na faini au kifungo. Ndiyo, Machi 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hayo tuwaachie wanasheria. Nyinyi andikeni taarifa mapema.

Sasa ile kauli kwamba vyama vingi "tuliletewa na Wazungu 1992". Jamani! Kule Zanzibar, vyama vya ASP, ZNP na ZPPP vilichuana kabla hata ya uhuru. Shinikizo la wafadhili lilikuwepo, hatukatai. Lakini Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja, wengi wao wakitaka kirekebishwe, nayo ikapendekeza vyama vingi. Waliopima na kuamua ni Watanzania.

Kinachogoma kusafirishwa ni kuaminiana. Baada ya uchaguzi wa 1995, wafuasi wa CCM, chama tawala, na wa CUF, chama cha upinzani, hawakuzikana visiwani Zanzibar. Jumuiya ya Madola ikasuluhisha, muafaka ukatiwa saini 1999. Maandishi yalikuwa mazuri, utekelezaji ukasuasua. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika na Januari 2001 watu wakauawa. Muafaka wa pili, Oktoba mwaka huohuo, vyama viliujadili vyenyewe, nao haukumaliza ugomvi. Hadi Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walipokutana Ikulu ya Zanzibar bila msuluhishi wa kigeni katikati yao. Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani ya mseto.

Wanaoshangilia kwamba "cha nyumbani hakivunjiki" nao wapunguze kasi. Matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 yalifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ya umoja ikakatika hadi Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, safari hii kupitia chama cha ACT-Wazalendo.

Kwa hiyo mkufunzi anayekuja kufundisha serikali ya mseto Unguja au Pemba aweke historia hii kwenye kabrasha lake. Na kabrasha liambatanishwe kwenye taarifa ya siku 30, si kuletwa siku ya semina.