Damu inayobaki kwenye chupa: dhana potofu na ukweli kuhusu kutumia mabaki ya vipimo katika utafiti

Mgonjwa akiandikiwa kipimo cha wingi wa damu, mtaalamu wa maabara humtoa mililita mbili au tatu, akaziweka katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau na kubandika lebo yenye jina na namba ya faili. Mashine huhitaji sehemu ndogo tu ya damu hiyo. Inayobaki huwekwa kwenye jokofu kwa siku chache, iwapo daktari atataka kipimo kirudiwe, kisha hupelekwa kuteketezwa. Kabla haijateketezwa, mtafiti huja kubisha hodi.

Dhana inayosikika zaidi, hata vinywani mwa watu waliosoma, ni kwamba mabaki ni taka na taka haina mwenyewe. Hoja hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Mwaka 1976 mgonjwa wa saratani ya damu aitwaye John Moore alitolewa wengu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na daktari wake akatumia seli zake kuzalisha seli za maabara zilizopewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1984, bila Moore kuelezwa chochote kuhusu mpango huo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya California, iliamuliwa mwaka 1990 kwamba Moore hakuwa na haki ya umiliki juu ya seli zilizokwisha kutoka mwilini mwake. Wanaoitetea dhana hii huishia hapo. Lakini hukumu ileile ilisema kwamba daktari alikuwa na wajibu wa kumweleza mgonjwa, kabla ya kupata ridhaa yake, kwamba alikuwa na maslahi ya utafiti na ya fedha katika seli hizo. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa umiliki wa wengu wake na bado akawa na haki ya kuambiwa unakopelekwa.

Wengine husema kwamba aliyetia saini fomu ya matibabu amekwisha kukubali yote. Sivyo. Saini ile inahusu kupimwa na kutibiwa. Kuwa sehemu ya utafiti ni jambo jingine, linalohitaji maelezo yake na ridhaa yake.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile inayodai kwamba jina likishaondolewa kwenye chupa, hakuna tena wa kudhurika. Chukua mfano wa kliniki za wajawazito. Kwa miaka mingi, nchini Kenya, Tanzania na kwingineko Afrika, mama alitolewa damu ya kupima kaswende, na mabaki ya damu hiyo, baada ya kuondolewa jina na kuachiwa taarifa chache kama umri na kituo, yakapimwa VVU ili taifa lijue ukubwa wa janga. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa: bila takwimu zile mipango ya serikali ingekuwa ya kubahatisha. Hata hivyo, chupa ikionyesha maambukizi, hapakuwa na njia ya kumfikia mama yule, kwa kuwa lebo iliyomtambulisha ilikuwa imekwisha kutolewa. Wakati dawa hazikuwapo, watetezi walikuwa na la kujibu. Mwaka 1994 ilipothibitika kwamba dawa inaweza kupunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, jibu lile lilipungua nguvu, na mwaka uliofuata Marekani ikasitisha uchunguzi wake wa aina hiyo, uliotumia mabaki ya damu ya watoto wachanga. Nchi za Afrika nazo baadaye zilihamia kutumia majibu ya vipimo vya kawaida vya kliniki, ambavyo mama hupewa majibu yake. Sidhani kwamba waliopanga uchunguzi wa awali walikuwa watu wabaya. Ninachosema ni kwamba kutokuwapo kwa jina kulimlinda mama dhidi ya kunyanyapaliwa, na papo hapo kukamnyima habari iliyomhusu yeye na mtoto wake kuliko mtu mwingine yeyote.

Yapo pia madhara yanayolipata kundi zima. Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kinatafuta chanzo cha kisukari kilichowasumbua. Mabaki yalitumika pia katika tafiti za skizofrenia (ugonjwa wa akili), za kuoana ndani ya ukoo, na za asili ya watu wao, ambazo zilipingana na mapokeo yao wenyewe. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki.

Walioumizwa na habari kama hizi huangukia dhana ya upande wa pili, kwamba kila matumizi ya mabaki bila kumuuliza kila mgonjwa ni wizi. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba wa Chama cha Madaktari Duniani, linataka ridhaa pale sampuli inapoweza kumtambulisha mtu, lakini linakubali kwamba pengine kuipata hakuwezekani, kwa mfano wagonjwa wanapokuwa wamekwisha kufariki. Hapo utafiti hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitie na kuuidhinisha. Sampuli zinazosafirishwa nje ya nchi nazo hazihesabiwi kuwa zimeuzwa kwa kusafirishwa tu. Tanzania, kwa mfano, hutaka mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja zitakavyotumika.

Mwisho ni imani kwamba mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote. Anaweza, maadamu lebo au namba ya siri bado inaiunganisha chupa na yeye. Kiungo hicho kikishakatwa, hakuna mtaalamu awezaye kuitambua chupa yake katika jokofu lenye mamia ya vichupa vinavyofanana, na ndiyo maana swali linapaswa kuulizwa pale kwenye kiti cha kutolea damu, kwa lugha anayoielewa, kabla sindano haijaingia.