Je, wajua kwa nini kompaila ya Rust (programu inayokagua na kutafsiri msimbo wa lugha ya Rust) inaikataa kloja yako wakati wewe unaona iko fresh tu?

Juzi usiku dogo mmoja hapa Mbeya kaja geto na laptop, baridi ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe, anaandika kiprogramu cha kuhesabu gunia za viazi na kompaila imemgomea toka asubuhi. Kosa ni E0373: kloja inaweza kuishi kuliko funksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) iliyoizaa, halafu imeazima kitu cha hiyo funksheni, yaani inakitumia bila kukimiliki. Akaniuliza, bro, sasa nimekosea wapi?

Kloja ni kafunksheni kasiko na jina kanakoweza kutumia vitu vilivyotajwa nje yake. Sasa chukulia una kibanda Mwanjelwa, umemtuma kijana akapime viazi kwa mizani yako. Jioni unafunga kibanda na mizani inaondoka, ila yeye bado yuko na wateja, atapimia nini? Funksheni ikiisha, vitu vyake vyote vinafutwa kwenye memori, na kloja uliyoipa thread::spawn (amri ya kuanzisha thredi, yaani kazi inayokimbia sambamba na programu yako) inakimbia kwenye thredi yake, haimsubiri mtu.

Hapa ndo wengi wanalalamika: "lakini nimeweka join mstari unaofuata!", yaani amri ya kusubiri thredi imalize. Haisaidii. Kompaila inaangalia masharti ya spawn yenyewe, na spawn inataka kloja isiyoazima kitu chochote kinachoweza kufa kabla yake, hiyo join yako haihesabiki kabisa.

Na kwa nini iliazima bila kuambiwa? Kwa sababu kloja huchukua kwa njia nyepesi inayotosha, ukisoma tu inaazima, ukibadilisha inaazima kwa ruhusa ya kubadilisha, ukikitoa kitu chenyewe ndo inakibeba moja kwa moja. Dogo alikuwa anaprinti tu orodha yake ya gunia, so kloja ikaiazima.

Dawa ni neno move kabla ya zile || zinazoanzisha kloja, na mizani inakuwa ya kijana. Dogo kaweka, kashangilia, dakika mbili mbele kakutana na E0382 maana alitaka kuitumia tena ile orodha wakati ishahama, so ilibidi apige clone (atengeneze nakala) kwanza. Ila namba kama i32 (namba kamili za kawaida) zinakopiwa tu, ya nje inabaki, na ukiongeza ndani ya kloja, ile ya nje haibadiliki ng'o (hii iliwahi kunila usiku mzima, mimi).

Kama hutaki kuhamisha kitu, toka Rust 1.63 ya mwaka 2022 kuna thread::scope, yenyewe haifungi kibanda mpaka vijana wote warudi.