Kutoa themostati si dawa ya gari linalochemsha
Uko likizo, unatoka Mwanza kwenda Musoma, pikapu inavuta tela la boti na kila baada ya mwendo inachemsha. Wengi watakwambia: toa themostati (ile vali inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto), maji yazunguke. Wana sababu, maana themostati ikikwama imefunga, injini huchemsha kweli. Ila iliyo nzima hufunguka yenyewe kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi.

Jipimie: itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni, utaona vali ikiachia taratibu. Ikiachia, mchawi yuko kwingine: rejeta iliyoziba, feni, mfuniko wa rejeta uliochoka, au tela lililozidi uzito. Mfuniko, lakini, usiuguse injini ikiwa ya moto.