Kinachoiumiza kampuni ya simu si mshindani

Ukifungua daftari la vihatarishi la kampuni ya simu, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuiumiza, karibu kila mara namba moja utakuta ushindani. Bodi hulipenda jibu hilo, linaonyesha menejimenti iko macho. Mimi kazi yangu ni kukagua madaftari ya aina hiyo, na nikipewa nafasi naushusha ushindani chini. Tanzania mtu anatembea na laini mbili au tatu, anahama mtandao bila hata kuinuka kwenye kiti. Kampuni zimeshaizoea vita hiyo na zinaijua. Kinachozipiga pabaya ni kwamba bei haziko mikononi mwao na sehemu kubwa ya gharama haiko kwenye shilingi.

Chukua bando la shilingi 1,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, ndani yake kulikuwa na ushuru wa bidhaa wa 17%, halafu VAT ya 18% ikapigwa juu ya jumla, ushuru ukiwemo. Ukirudisha hesabu nyuma, kampuni ilibaki na kama shilingi 724. Hapo muuza vocha hajapata kamisheni yake, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, hawajapata ada yao, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote haujachangiwa, na jenereta ya mnarani haijatiwa dizeli. Utasema basi wapandishe bei. Wanaokumbuka tarehe 2 Aprili 2021 wanajua habari hiyo: utaratibu mpya wa vifurushi ulianza kutumika, watu wakawaka mitandaoni, na siku hiyohiyo serikali ikausitisha, vifurushi vya zamani vikarudi.

Somo zito zaidi lilikuja Julai mwaka huohuo. Tarehe 15 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kwenye kutuma na kwenye kutoa. Kampuni hazikupata hata senti katika tozo hiyo. Zilikuwa wakusanyaji tu. Lakini mteja haulizi makato yanakwenda kwa nani. Anachoona ni SMS yenye jina la mtandao wake ikimwambia amekatwa. Wengi wakarudi kumpa mtu anayesafiri bahasha. Vodacom wenyewe waliwaeleza wanahisa wao kwamba tozo imeipunguza M-Pesa kasi.

Wachambuzi wengi waliishia hapo, kwamba miamala ilishuka. Mimi naona kilichotakiwa kutazamwa ni wakala wa fedha kwa simu. Huyu anaishi kwa kamisheni, na mtaji wake ameugawa mara mbili: fedha taslimu kwenye droo, floti kwenye simu. Miamala ikipungua, mtaji umelala. Atafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya, atautoa aununulie sukari na unga, maana duka lipo hapohapo. Kesho yake mama anakuja kutoa laki mbili alizotumiwa na mwanawe, anaambiwa, "Leo hela hakuna mama, jaribu kule stendi." Akiambiwa hivyo mara ya pili, naye anamwambia mwanawe asitume tena kwa simu. Serikali ilipunguza tozo kwa 30% Septemba 2021, ikapunguza tena Julai 2022, na ilifanya vizuri. Ila mtaji uliokwisha kugeuka sukari haurudi kwenye floti siku ambayo tangazo limetoka kwenye Gazeti la Serikali. Hasara ya namna hii huikuti kwenye jedwali lolote la makadirio, kwa sababu inatokea kwenye duka la mtu ambaye si mwajiriwa wa kampuni.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa na sura hiyohiyo. Kampuni zilitakiwa kuzima laini ambazo hazijasajiliwa, na uzimaji ukaanza tarehe 20 Januari 2020. Ili usajiliwe ulihitaji namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na foleni za NIDA kila mtu alizijua. Mapato ya kampuni yakawa yanategemea kasi ya ofisi ambayo haina mamlaka nayo. Uganda wana lao: kwenye uchaguzi wa Februari 2016 hata huduma za fedha kwa simu zilifungwa, na Januari 2021 intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa.

Sasa dola. Mitambo inanunuliwa nje, programu zake zinalipiwa leseni nje. Minara nayo wengi waliiuza: Tigo na Vodacom waliwauzia Helios Towers, kampuni inayomiliki minara na kuipangisha. Fedha ilipoingia ilionekana nyingi, lakini ulichouza kinakurudia kama pango la kila mwezi, na mikataba ya pango la minara mara nyingi ina vipengele vinavyofuata dola na bei ya mafuta. Shilingi ikiyumba, pango linapanda wakati bando liko palepale.

Anayetaka kuona hatari hii ikiwa uchi aitazame Safaricom Ethiopia. Leseni ilipatikana 2021 kwa dola milioni 850, huduma zikazinduliwa Oktoba 2022. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia ikaiachia birr ijitafutie bei sokoni. Kutoka kama birr 57 kwa dola ikavuka 100 ndani ya wiki chache. Wateja wale wale, minara ile ile, mapato kwa birr hayajaguswa, ila deni la mitambo limekaribia kujizidisha mara mbili na hesabu za kampuni mama, Safaricom ya Nairobi, zimetikisika.

Nyaya za baharini naziweka chini kidogo, ingawa ndizo hupata vichwa vya habari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika pamoja upande wa kusini, na Seacom ilikuwa tayari imekatwa Bahari ya Shamu tangu Februari. Kwenye daftari kaskazini na kusini zilikuwa zimeandikwa kama njia mbili, moja ikisaidia nyingine. Intaneti ikasuasua Afrika Mashariki kote. Swali langu kwa mafundi tangu hapo ni moja: hiyo njia ya akiba inapita bahari gani?

Utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kubadilishiwa laini nauachia makala yake.

Kama unafikiria kununua hisa za Vodacom pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, ripoti ya mwaka isome kuanzia nyuma. Picha za wafanyakazi wanaotabasamu zitakungoja. Nenda kwenye maelezo ya hesabu, tafuta madeni ya pango na yapo kwa sarafu gani, kisha tafuta mashauri ya kodi ambayo bado hayajaamuliwa. Linganisha jumla yake na faida ya mwaka.