Skana haijakwambia ubadilishe solenoidi

Wiki hii peke yake nimeyasikia mara 3: "Fundi, skana imesema solenoidi. Tia nyingine niondoke." Skana ni kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari, na solenoidi ni valvu ndogo ya umeme inayoelekeza oili ya kubadilishia gia ndani ya giaboksi ya otomatiki. Mteja keshapita duka la spea, kitu kiko mkononi, na anachotaka kwangu ni spana tu. Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja, basi naliandika.

Skana haijui hali ya solenoidi. Kompyuta ya gari hutuma umeme, huangalia umeme ule umekwendaje, na ikiona mambo sivyo huandika namba. Umeme huo unapita kwenye nyaya, kwenye soketi ya nje ya giaboksi, kisha kwenye nyaya za ndani zinazooga oili ya moto, ndipo ufike kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya solenoidi. Pakikatika popote hapo, namba inayotoka ni ileile.

Halafu namba zenyewe haziko sawa. P0973 na P0974 ni za umeme wa solenoidi A: ya kwanza mara nyingi waya umegusa bodi ya gari, ya pili mara nyingi kumekatika. P0751 ni habari nyingine kabisa. Hapo umeme haulalamikiwi, ila gia haikuingia ilivyoamriwa, kwa hivyo shuku pia oili, valvu iliyokwama, uchafu, hata klachi zilizolika. Mtu akiniambia "ni ya solenoidi" bila namba, bado hajaniambia kitu.

Kijana mmoja wa teksi aliniletea Probox ya gia 4. Ilikuwa inaondoka nzito kama imepakia saruji, kwa sababu ilikuwa ikianza na gia ya 3. Kwingine alikotoka sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ilishafunguliwa mara 2, solenoidi 2 mpya zimetiwa, na P0974 bado inarudi. Sampo sikuigusa. Nilichomoa soketi ya nje nikaimulika kwa tochi: pini moja imevaa kutu ya kijani, laini kama unga, na mpira wa kuzuia maji umepasuka. Kwa hewa yetu ya chumvi na madimbwi ya masika, mpasuko huo watosha. Nikapima ukinzani wa umeme upande wa giaboksi, omu 13. Solenoidi nzima kabisa. Nikabadilisha pini na mpira, nikafuta namba, tukaenda Mtwapa na kurudi, na gia zote 4 zikaingia moja baada ya nyingine. Kijana wa watu akanyamaza, anapiga hesabu ya zile solenoidi na siku ambazo gari ililala bila kuingiza kitu. Iliniuma.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, na sitaliacha: kabla hujanunua chochote, mwambie fundi wako akuandikie kwenye karatasi namba kamili na omu alizopima. Solenoidi za kuwaka na kuzima za Toyota nyingi husoma omu 11 hadi 15 kwenye nyuzijoto 20. Za kupanga presha husoma chini zaidi, karibu 5, usizihukumu kwa namba zile zile. Na joto lina hesabu yake. Koili ya shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4 kila nyuzijoto 10, kwa hivyo ile ya omu 13, giaboksi ikiwa na nyuzijoto 90, itasoma 16 na nusu na haina ubaya wowote. Ipo pia ambayo hukatika ikishika moto tu: asubuhi gari yaenda vizuri, ukipanda Mazeras taa inawaka. Pima baridi, kisha pima moto.

Na haya ndiyo maneno mengine ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Ukiipa betri ikalia tak, ni nzima." Mlio unasema kipini kimecheza, hausemi oili inapita. Puliza hewa, ukiwa na umeme na bila umeme, uone inapofunguka na inapoziba. Na zile za omu 5 usizipe volti 12 moja kwa moja, utaziunguza. Weka balbu ya wati 21 katikati.

"Ukichomoa betri inapona." Inasahau, haiponi. Umefuta kumbukumbu niliyoihitaji.

"Imekwama gia moja, giaboksi imekufa, tafuta nyingine ya Japani." Mara nyingi kompyuta imeishikilia gia moja ili kuilinda giaboksi tu. Soma namba kwanza.

"CVT haina solenoidi." CVT ni giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua. Inazo, ndizo zinazopanga presha inayobana mkanda. Ukitia oili nyekundu ya kawaida badala ya ile ya CVT, mkanda unateleza, na hakuna solenoidi itakayokuokoa.

"Oili ya giaboksi ni ya maisha." Si kwa joto hili na foleni ya feri ya Likoni. Mimi wateja wangu nawamwagia kila kilomita 40,000, na kila sampo ikishuka nawaita waje watazame sumaku zake. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukiona vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, na oili inanuka kuungua, usininunulie solenoidi. Hapo tukae tuzungumze bei ya klachi.