Kulanti tupu haipoozi intakula

Mombasa wengi huamini intakula ya maji (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) katika injini yenye supachaja, yaani mashine inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, hupoa zaidi ikijazwa kulanti (kimiminika cha kupoozea) tupu, bila maji. Wapi! Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli iliyomo kwenye kulanti, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia kuganda, na Pwani hakuna barafu. Changanya lita 3 za maji yaliyotoneshwa, yale ya betri (si asidi!), na lita 1 ya kulanti nzito (isiyochanganywa na maji bado), ya kuzuia kutu. Maji ya kisima yana chumvi, yatakula alumini. Kisha toa hewa: injini imezimwa, kifuniko cha tangi la intakula wazi, washa pampu yake ya umeme, ongeza mchanganyiko mpaka mapovu yaishe. Pampu ikivuma lakini tangini hakuna kinachozunguka, huenda hewa bado imekwama.