Mzee Anakula Kidogo: Maswali ya Familia na Majibu Yake

Mzee wetu siku hizi anakula kidogo. Si ndiyo uzee wenyewe?

Kwa sehemu, ndiyo. Mtu wa miaka 70 hahitaji nishati nyingi kama kijana, na hamu ya chakula hupungua. Lakini mahitaji yake ya vitamini na madini hayashuki vivyo hivyo, na ya protini huongezeka, kwa sababu misuli ya mzee huchelewa kujijenga. Sahani ikiwa ndogo, basi kilichomo kiwe na uzito. Chai na mkate humshibisha, ila misuli haiambulii mengi.

Protini kiasi gani?

Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza angalau gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 ahesabu gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Asizirundike zote kwenye mlo wa jioni. Azigawe asubuhi, mchana na jioni. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote, kwa kuwa misuli ndiyo inayomwinua kitini na kumkinga asianguke. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari.

Meno yamekwisha. Tumpe uji tu?

Hapana, uji mtupu haumtoshi. Kuna mayai, mtindi, nyama ya kusaga, maharage yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miba. Akipaliwa mara kwa mara anapokula, mpelekeni hospitali.

Mbona haombi maji?

Kiu hufifia na umri, kwa hiyo msisubiri aombe. Wanawake wazee wanashauriwa kunywa lita 1.6 za vinywaji kwa siku na wanaume lita 2, chai na maziwa vikihesabiwa. Mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kipimo alichopewa. Wengi hujinyima maji wakiogopa kuamka usiku. Wapeni zaidi mchana.

Na chumvi?

Isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huleta ladha.

Anahitaji vidonge vya vitamini?

Si kila mzee. Ila vitamini B12 iangaliwe, kwani tumbo lenye asidi kidogo huifyonza kwa shida, na dawa ya kisukari ya metformin huweza kuipunguza. Ganzi miguuni, uchovu na usahaulifu vinatosha kuomba kipimo cha damu.

Lini tuingiwe na wasiwasi?

Mpimeni uzito kila mwezi. Akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, apelekwe kwa daktari. Huenda ni dawa, meno, huzuni au ugonjwa uliojificha. Na upweke nao huua hamu ya kula. Badala ya kumkemea amalize sahani, vuta kiti ule naye.